Karatasi, foili au mkebe: nini hasa kinalinda harufu ya chai?

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Tangu hapo kuna swali linalorudi kila watu wanapozungumzia taka za dukani: kama unga wa ngano unauzwa ndani ya karatasi na hakuna anayelalamika, kwa nini majani ya chai yaendelee kuvishwa nailoni na foili? Marufuku hizo zililenga hasa mifuko ya kubebea, kwa hiyo vifungashio vya kiwandani vimebaki. Wanaotetea mazingira wanaona huo ni mlango ulioachwa wazi. Wafungashaji nao wanajibu kwamba ukiufunga mlango huo, mteja atakunywa maji ya rangi ya kahawia.

Kila upande una hoja za kweli. Ninachoona ni kwamba zote mbili zinachanganya kazi mbili tofauti. Kifungashio kinatakiwa kuzuia unyevu usiingie, na pia kuzuia harufu isitoke wala isiingie. Nyenzo inayofanya kazi ya kwanza vizuri inaweza kushindwa kabisa na ya pili, na si kila chai inazihitaji zote mbili kwa kiwango kimoja.

Tuanze na unyevu. Majani yanapotoka kwenye kikaushio cha kiwandani huwa na unyevu wa takriban asilimia 3. Yakifikichwa yanavunjika kwa sauti. Tangu hapo huanza kuvuta maji kutoka hewani, kwa sababu jani lililokaushwa limejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Unyevu ukipanda hadi asilimia 6 au 7 uharibifu huenda mbio: theaflavini, viini vinavyoipa chai ya rangi ung'avu wake na ule ukali unaoshika ulimi, hupungua. Kikombe hutoka cheusi, kizito, kimepooza. Ukizidi hapo, ukungu nao huwa njiani.

Harufu ina tabia yake. Hutokana na viini vyepesi vinavyoruka hewani upesi, kama linalooli na geranioli, hiyo ya pili ikiwa miongoni mwa vinavyolipatia waridi harufu yake. Pakiti ikiwa na upenyo, vinaondoka hata kama majani ni makavu kabisa. Na vile vitundu vinavyonyonya maji hunyonya harufu za majirani pia. Wachina waliugeuza udhaifu huu kuwa biashara: chai ya asmini hupatikana kwa kulaza majani pamoja na maua mabichi ya asmini, na Lapsang Souchong hukaushwa kwa moshi wa msonobari. Rafu ya duka la mtaani haina asmini. Ina sabuni ya unga, dawa ya mbu ya kuchoma, na mara nyingine mafuta ya taa yanayopimwa kwa chupa hapohapo kaunta.

Chai yetu ina udhaifu wa ziada ambao watu wa karatasi hawausemi. Sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki hutengenezwa kwa mtindo wa CTC, ambapo majani hukatwa, hupasuliwa na kuviringwa kwenye roli zenye meno mpaka yawe punje ndogo. Punje hizo hutoa rangi haraka na hukolea kwenye maziwa, ndiyo maana zinapendwa. Ila kadiri punje inavyokuwa ndogo ndivyo eneo lake la juu linaloguswa na hewa linavyokuwa kubwa kwa kila gramu. Gredi za vumbi, yaani zile za punje ndogo kabisa, hupoteza harufu na kunyonya unyevu kwa kasi kuliko chai ya majani marefu. Kwa maneno mengine, chai ya bei nafuu inayonywewa na wengi ndiyo inayoumia upesi ndani ya kifungashio kibovu.

Sasa nyenzo zenyewe. Karatasi tupu, hata ikiwa nene kiasi gani, kwa unyevu ni kama pazia. Inazuia mwanga na vumbi, basi. Nailoni laini ya polithini inazuia maji vizuri lakini oksijeni na harufu hupita ndani yake, jambo linalowashangaza wengi kwa sababu kwa macho inaonekana imeziba kila kitu. Ile inayong'aa na kutoa sauti ya kukwaruza ukiikunja, polipropilini iliyovutwa, inazuia unyevu vizuri zaidi bado, ingawa kwa oksijeni ni dhaifu. Foili ya alumini isiyo na tundu inazuia karibu kila kitu: maji, oksijeni, harufu na mwanga. Kasoro yake ni kwamba ikikunjwakunjwa huchanika vitundu kwenye mikunjo, ndiyo maana hubandikwa kati ya karatasi na nailoni ili ishikiliwe. Chupa ya kioo ingefaa sana kama isingeruhusu mwanga. Mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana unazishinda zote, na ndio ghali kuliko zote.

Hoja ya foili ina nguvu kubwa kwenye safari ndefu. Chai ya Kericho, Rungwe, Rwanda na Burundi hutoka milimani kwenye hewa baridi, na nyingi huteremshwa kwa lori hadi kwenye maghala ya Mombasa, ambako mnada umekuwa ukifanyika tangu 1969 na ambako hewa ina joto na chumvi mwaka mzima. Zamani ilisafiri kwenye masanduku ya mbao nyembamba yaliyovishwa foili ndani. Siku hizi ni magunia ya karatasi ya tabaka kadhaa, moja likiwa la alumini. Baadaye huingia kwenye kontena kuelekea Pakistan, Misri au Uingereza. Mchana kontena linachemka, usiku linapoa, na mvuke hugeuka matone kwenye dari: mabaharia na wasafirishaji huliita jasho la kontena. Tone likiangukia gunia lisilo na tabaka la kuzuia maji, kilo kadhaa za chai hiyo zimekwisha thamani kabla meli haijatia nanga. Sijawahi kusikia hoja ya maana ya kuondoa foili kwenye magunia hayo.

Kwenye pakiti ya nyumbani mambo hayako wazi hivyo. Kwanza tuweke pembeni hoja moja inayopendwa sana, kwamba foili ni ghali kwa mazingira kwa sababu alumini hula umeme. Ni kweli inakula: kuzalisha kilo moja ya alumini huhitaji takriban uniti 14 za umeme. Lakini foili ya pakiti ina unene wa mikroni 7 hivi, na pakiti ya gramu 250 huwa na takriban gramu moja tu ya alumini. Umeme wake ni sawa na taa ya wati 10 ikiwaka kwa muda usiofika saa moja na nusu. Kuchemsha lita moja ya maji kwa ajili ya chai hiyohiyo hutumia nishati mara sita zaidi. Anayejali nishati aanze na kufunika sufuria.

Hoja yenye uzito ni ya taka. Karatasi, foili na nailoni zikishabandikwa pamoja, hakuna fundi wa mtaani wala kiwanda cha kawaida kitakachozitenganisha. Muokota taka hazigusi kwa sababu hakuna anayezinunua. Hubaki jaani, na zikichomwa, karatasi na nailoni huondoka na moshi huku alumini ikibaki kwenye majivu kama magamba ya samaki. Angalia jaa lolote la mjini siku moja baada ya moto, utaona pakiti za chai, biskuti na maziwa ya unga zikimetameta pamoja.

Wafungashaji wengi wameshapata njia ya katikati: plastiki iliyopakwa alumini kwa mvuke, tabaka lenye unene wa nanomita kumi kadhaa tu. Alumini yake haifiki hata sehemu moja ya mia ya ile ya foili. Haizuii sawa na foili, lakini inaizidi plastiki tupu kwa mbali. Kwa chai ya CTC itakayouzwa na kunywewa ndani ya miezi michache, naona inatosha, na mara nyingi hata polipropilini tupu ndani ya boksi la karatasi inatosha: polipropilini inazuia maji, boksi linazuia mwanga.

Nasema inatosha kwa sababu ya namna tunavyokunywa chai. Majani yanachemshwa pamoja na maziwa na sukari, mara nyingi na tangawizi au iliki, kwenye moto, dakika kadhaa. Harufu laini ambayo foili ingeihifadhi kwa gharama kubwa tunaitoa wenyewe kupitia mdomo wa sufuria. Tunachotaka kwenye majani hayo ni rangi na ukali, na vyote viwili hulindwa hasa kwa kuzuia unyevu. Mwenye mgahawa anayemaliza nusu kilo kwa siku mbili hana sababu ya kulipia ulinzi wa miaka miwili.

Upande mwingine, kuna chai ambazo bila foili ni hasara tupu. Chai ya kijani, chai ya zambarau (ya mchai wenye majani ya rangi hiyo) inayolimwa Kenya, na chai ya majani marefu hununuliwa kwa ajili ya harufu na ladha laini. Mteja analipa zaidi kwa kitu kinachoruka hewani. Chai iliyochanganywa na viungo nayo ni hivyo hivyo. Mafuta ya iliki, karafuu na mdalasini hupenya polithini bila shida. Weka pakiti ya chai ya viungo iliyofungwa kwa nailoni tupu ndani ya kabati pamoja na majani ya kawaida yaliyo kwenye karatasi, funga mlango, urudi baada ya wiki kadhaa: chai ya kawaida itakuwa imepata viungo ambavyo hukuvilipia, na ile ya viungo itakuwa imevipoteza.

Kuna kundi la tatu ambalo halizungumzwi vya kutosha: vipakiti vidogo, vile vya kuchemsha mara moja au mbili, vinavyoning'inia mlangoni mwa duka. Kimahesabu pakiti ndogo ina eneo kubwa la nailoni kwa kila gramu ya chai kuliko pakiti kubwa. Maana yake ni mbili, na zinavutana. Taka ni nyingi zaidi kwa kila kikombe. Na unyevu unaopita kwenye nailoni hugawanywa kwa gramu chache tu, kwa hiyo chai huharibika mapema, tena ikiwa juani. Mwanamazingira angependa hapo ndipo karatasi ianzie, ilhali hapo ndipo karatasi ingeshindwa vibaya zaidi. Mteja wa kipakiti kile ndiye mwenye pesa kidogo, na ndiye angeletewa chai iliyopooza. Sioni uungwana wa kuanzia kwake.

Jambo jingine linalosahaulika na pande zote mbili ni mshono. Pakiti hufungwa kwa joto: kingo mbili za nailoni hubanwa na chuma cha moto zikashikana. Chai ya vumbi hurukaruka inapomiminwa, na punje zake hunasa kwenye kingo kabla hazijabanwa. Kila punje iliyonasa huacha mfereji mwembamba. Unaweza kuwa na foili bora kuliko zote duniani na bado pakiti ikapumua kupitia mshono. Kupima ni rahisi: chukua pakiti isiyofunguliwa, itumbukize kwenye beseni la maji, ikandamize taratibu na uangalie kingo. Viputo vikitoka mfululizo mahali pamoja, tabaka zote tatu zimeliwa na mshono. Kiwanda kidogo chenye pesa za kuboresha kitu kimoja kingefanya vema kutazama mashine ya kufungia kabla ya kuagiza foili nene zaidi.

Na hofu ya chembechembe za plastiki? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walitangaza kwamba kifuko kimoja cha chai cha plastiki kwenye maji ya nyuzi 95 huachia chembechembe ndogo bilioni 11.6. Hesabu hiyo ilihojiwa na wanasayansi wengine, na ilihusu vifuko vya nailoni na poliesta vinavyozama ndani ya kikombe. Pakiti ya nje haichemshwi. Mwenye wasiwasi aachane na vifuko hivyo na kutumia chujio. Kuitupa foili ya nje hakutampunguzia kitu.

Kilichobaki ni nani alipie taka. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, inayompa mzalishaji jukumu la kifungashio chake hata baada ya mteja kukitupa. Ni hatua sahihi, ila itategemea kipimo. Ada anayotozwa mzalishaji ikipangwa kulingana na ugumu wa kurejeleza, mfungashaji wa CTC ataikimbia foili mwenyewe na kuiachia chai ya zambarau. Ikihesabiwa kwa kilo tu, pakiti ya tabaka tatu, kwa wepesi wake, italipiwa kidogo kuliko boksi la karatasi ambalo muokota taka angeliuza.