Sindano ya kongosho: ya kunyonya au ya kukata?

Juzi jamaa yangu wa Kirumba kanipigia, mzee wake macho yamekuwa ya njano, picha imeonesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, sasa huko walikopewa rufaa wameambiwa kuna sindano mbili za kuchukulia kinyama cha kupima, moja bei imechangamka, yeye achague ipi. Mi nimekaa maabara miaka kadhaa, nikaona hili si la kujibu kwa neno moja.

Tuanze na geji, namba ya unene wa sindano. Kama umewahi kununua bati unajua geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, sindano nazo ndo hivohivo, namba ikipanda unene unashuka. Za kongosho ni 19, 22 na 25. Mgonjwa anapitishiwa mdomoni mpira wa endoskopi, wa kuangalia ndani ya tumbo, wenye altrasaundi nchani, afu daktari anachoma kupitia ukuta wa mfuko wa chakula au utumbo huku anaifuata sindano kwenye skrini.

Ile ya kawaida inanyonya seli tu. Usiidharau, bei nafuu, na ile ya 25 inapinda vizuri, maana kichwa cha kongosho kinachomwa mpira ukiwa umejikunja kwenye duodeni, mwanzo wa utumbo mdogo, na hapo sindano nene kama 19 inagoma hata kutoka. Ukiwa na mtu wa patholojia, msomaji wa seli, pembeni na hadubini yake anasema "hazitoshi, choma tena", inafanya kazi safi kabisa.

Shida iko kwenye hilo "ukiwa na". Nimewahi kupokea slaidi zilizokuja na basi la usiku, naweka chini ya hadubini naona damu tupu, vijiseli vichache pembeni vimekauka vibaya havisomeki. Mgonjwa arudi upya, nauli upya, kufunga kula upya.

Ya kukata ncha yake imechongwa, kuna ya Franseen yenye meno matatu kama taji na kuna ya uma. Ukimimina kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, unaona viuzi vyeupe vimelala kwenye damu kama tambi zilizokatika, hapo roho inatulia, na kikopo kinasafiri bila kuharibika. Mwaka 2021 daktari mtafiti Crinò na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 800 waliochomwa sindano za aina hii, penye msomaji chumbani usahihi ulikuwa asilimia 96.4, pasipo naye 97.4, yani hapakuwa na tofauti ya maana. Na nyama inaonesha mpangilio wa seli, kwahiyo limfoma, kansa ya tezi, au kifua kikuu kilichojifanya kansa kinajulikana kirahisi zaidi, na TB si unajua inatibika kwa vidonge.

Ila mkono nao una kazi yake, daktari mzoefu na 22 ya kunyonya ntamchagua kabla ya mgeni mwenye sindano ya bei. Na kuna kitu watu hawaambiwi, uvimbe ambao bado unatoleka kwa upasuaji mara nyingi hauhitaji kuchomwa kwanza, kinyama ni lazima pale mnapoelekea kemo.

Nikamwambia aulize mawili tu, upasuaji unawezekana? Na nani anasoma slaidi palepale? Jioni karudi, upasuaji hapana, msomaji hayupo. Basi nunueni ya kukata, nikamwambia, ila 22, msije mkabebeshwa 19.