Ras Yuda na Kofia Yake

Mimi ni Rasta wa miaka mitatu. Kwenye simu, lakini. Huko naitwa Ras Yuda, Simba Asiyenyolewa. Mtaani naitwa Baba Nasra, napiga fotokopi, na nina kipara kinachoanzia kwenye nyusi.

Picha yangu ya simu ni ile kofia ya kijani, njano na nyekundu niliyonunua kwa machinga Kariakoo, ile inayokuja na rasta zake zimeshonewa ndani kabisa. Kwa kofia hiyo nimewafundisha vijana wa watu. Wembe usipite kichwani, Hesabu 6:5. Chakula cha Rasta ni Ital, yaani cha asili, chumvi ya dukani ni sumu. Ngoma za Nyabinghi, ibada ya Marasta, ni tatu: besi, funde na ripita, na mimi mkono wangu ni wa funde. Haya yote nayaandika huku natafuna chipsi mayai, chumvi nimeongeza mwenyewe.

Aprili ikafika. Wazee fulani wana shamba upande wa Kisarawe, wakaitisha mkesha wa tarehe 21, siku Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia ambaye Marasta wanamtukuza, alipotua Kingston, Jamaika, mwaka 1966. Kundini wakaniandikia: "Ras Yuda, kiti cha funde ni chako." Ningesema nina malaria. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema.

Nikafika jioni, moto umeshawashwa, na ule hauzimwi mpaka shughuli iishe. Mzee mmoja, rasta zimefika kiunoni na zimeota mvi, akanipokea. Salamu zote nilizozikariri zikayeyuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye Ras Yuda? Kwenye simu unaonekana mrefu."

Tukaletewa ndizi na maharage ya nazi, chumvi hata chembe. Nilikuwa na yangu mfukoni, nimeifunga kwenye kipande cha risiti. Nikasubiri kijana aliyekaa mbele yangu ageuke. Kumbe ni mwanafunzi wangu wa kundini, amekaa anatazama mwalimu anavyokula. Hakugeuka. Nikameza.

Kisha mzee akasimama. "Akina mama wafunike vichwa, akina baba tuvue kofia."

Miaka mitatu nafundisha, na hilo sikuwahi kulisoma popote!

Nikajifanya kuisikiliza besi, ambayo hata haijaanza kupigwa. Mzee akaninong'oneza: "Kofia, mwanangu."

"Nina mafua, mzee."

"Moto huu utayamaliza."

Nyuma yangu alikuwapo mjukuu wake, wa miaka sita hivi, mtoto mwenye adabu zake. Akaona mgeni hajasikia, akaamua kumsaidia. Akaivuta. Rasta zote zikaondoka na kofia. Mtoto akatazama kile alichoshika, akanitazama kichwani, akaangua kilio:

"Babu! Nimemng'oa nywele! Sikukusudia!"

Ilibidi nimbembeleze mimi, na kipara changu kinawaka kwa mwanga wa moto kama sufuria mpya. Akaomba kushika. Akashika. Akanyamaza.

Mzee akanizunguka taratibu, akawageukia wenzake. "Kitabu kinasema wembe usipite. Hapa upite kutafuta nini?" Watu wakalala chini kwa kicheko. Nikajua nafukuzwa, nikaanza kutafuta viatu. Akanishika bega, akanikalisha kwenye funde.

Sasa funde ni mapigo mawili tu, kama moyo: du-du, kimya, du-du. Wenye ripita ndio wanaorukaruka, wewe kazi yako ni kutosimama. Dakika kumi za kwanza nilikuwa moyo wa kijana. Saa moja baadaye nilikuwa moyo wa mgonjwa, na mzee ananikonyeza niendelee.

Jumatatu vidole vilikuwa kama mihogo. Mteja anataka nakala kumi, nabonyeza kitufe kwa kiwiko.

Kofia niliisahau kulekule. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu alinitumia picha: kuku wa mzee ameifanya kiota, kajichimbia katikati ya zile rasta, na ameshataga mayai manne.