Nondo za faiba haziogopi chumvi, lakini moto je?

Pita chini ya baraza za majengo ya zamani ya ufukweni, Mombasa au Tanga, utazame juu: plasta imebanduka, zege limemeguka, nondo ziko nje na zimeliwa na kutu. Chumvi hupenya zege hadi kwenye chuma, na kutu, kwa kuwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hulipasua zege kutoka ndani. Ndiyo maana naelewa wanaotaka nondo za faiba, zile za nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa rezini, yaani gundi ya plastiki iliyogandishwa. Hazishiki kutu, na uzito wake ni kama robo tu ya chuma.

Wapinzani wake husema alkali, kemikali kali itokanayo na saruji iliyomo kwenye zege, hula kioo, na kweli majaribio ya maabara katika maji moto ya alkali yalionyesha hivyo. Lakini watafiti wa Kanada walipotoboa na kuchukua sampuli kwenye miundo mitano yenye nondo hizi, iliyotumika miaka 5 hadi 8, ikiwemo gati ya Hall's Harbour, Nova Scotia, walikuta kioo kizima. Pwani yetu ina joto zaidi, nalo huharakisha kemikali, hivyo vipimo vya kwetu vinahitajika. Hata hivyo, kwenye kudumu nimeridhika.

Kinachonitia hofu ni moto. Chuma kikifika nyuzijoto 600 hivi bado kina karibu nusu ya nguvu yake. Kioo nacho ni kivumilivu, ila rezini nyingi hulainika kwenye nyuzijoto 100 hadi 120. Hapo nondo huanza kuteleza ndani ya zege, hata kabla haijakatika. Majaribio yameonyesha kwamba ncha zake zikizama vya kutosha mahali ambapo moto haufiki, juu ya ukuta au nguzo, slabu inaweza kuendelea kubeba mzigo. Basi usalama wa wakazi unabaki kwenye urefu wa ncha hizo, na fundi aliyezoea kukunja nondo saiti atakuta hizi hazikunjiki. Lazima zije zimeshakunjwa kiwandani.

Kwa gati, kuta za kuzuia bahari na matangi ya maji, ningezitumia leo. Kwa slabu ya ghorofa wanamolala watu, muuzaji alete kwanza matokeo ya jaribio la moto la slabu nzima iliyobebeshwa mzigo. Cheti cha nondo moja iliyovutwa maabara bila moto hakitoshi.