Algoridhimu za kukusanya matoleo: zigawiwe au zifungiwe?

Ukitafuta Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, kwenye katalogi kubwa ya maktaba, unamiminiwa rekodi tele: jalada gumu, jalada jepesi, tafsiri, toleo la wanafunzi, kila moja na ISBN yake, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Mwaka 1998 IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, ilitoa modeli iitwayo FRBR, inayotofautisha kazi ya mtunzi na matoleo yake. Kuyakusanya matoleo hayo sasa ni shughuli ya kompyuta. Je, aliyetengeneza algoridhimu ya kuifanya, yaani kanuni ambayo kompyuta huifuata hatua kwa hatua, awagawie wengine?

Kanuni yenyewe si ngumu. Programu huchukua jina la mtunzi na la kitabu, huondoa alama za uandishi, hufanya herufi zote kuwa ndogo, kisha huunganisha yote kuwa ufunguo mmoja. Rekodi zenye ufunguo sawa hukaa pamoja. OCLC, shirika la huduma za maktaba lenye WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba nyingi, waliuchapisha utaratibu wao wa aina hii.

Wanaosita wana hoja. Kazi hii ina gharama, na aliyeilipia angependa irudi. Tena makosa husambaa. Mshairi akiwa na vitabu viwili tofauti, vyote vikiitwa Mashairi, ufunguo unakuwa mmoja na vitabu vinageuka kimoja, katika kila maktaba iliyochukua kanuni hiyo. Hofu hii naiheshimu, kwa sababu anayeumia ni msomaji aliyeletewa kitabu asichokiomba.

Hata hivyo, kanuni ikiwa wazi, mkutubi anayeona vitabu hivyo vimegandana anaweza kufuatilia hadi mahali vilipogandia. Ikifungwa, anabaki kulalamika tu. Kwa hiyo nasema igawiwe.

Ila kanuni peke yake haitoshi. Bila orodha ya majina sanifu, "Hamlet" na "The Tragedy of Hamlet, Prince of Denmark" hupata funguo mbili. Kilicho adimu zaidi ni maamuzi ya watu. LibraryThing, tovuti ambako watu huorodhesha vitabu vyao, huwaachia wanachama waunganishe na kutenganisha matoleo kwa mkono, na mwaka 2006 ilifungua huduma ya thingISBN: ukiipa ISBN moja, ilikurudishia za matoleo mengine. Maktaba ndogo isiyo na mtaalamu wa programu inanufaika zaidi na orodha kama hiyo kuliko na kanuni tupu.

Na orodha hiyo ije na ruhusa ya kufungua mafungu, maana mtafiti anayelinganisha Hamlet ya 1603 na ya 1623 anazitaka zikae mbalimbali.