Kodi ya parseli Lubumbashi: abebe mwenye nyumba au mwenye duka?

Pita komuni za Katuba au Kenya, hapa Lubumbashi, jioni, utazame parseli (viwanja) zinazopakana na barabara. Chumba cha mbele kimetobolewa dirisha, kimekuwa butiki: vocha za simu, makala (mkaa) ya kupimia, unga wa kilo moja moja. Nyuma, familia inalala. Hiyo ni nyumba au ni biashara? Ndilo swali linalovuruga hesabu za wote wanaosema wenye nyumba wapunguziwe kodi ya parseli na wafanyabiashara waongezewe.

Tangu Katiba ya Congo ya 2006, kodi hiyo pamoja na kodi ya mapato ya kupangisha ni mali ya jimbo, na huku kwetu Haut-Katanga inakusanywa na DRHKAT, idara ya mapato ya jimbo. Ila msingi wa kodi ya parseli ni sheria ya Februari 1969. Sheria hiyo haiulizi nyumba inauzwa bei gani. Inatazama ukubwa, aina ya jengo na daraja la mtaa.

Anayeumizwa na kipimo hicho namjua kwa sura. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondolewa kwa mpango ulioitwa "départs volontaires" (kuondoka kwa hiari), na hiari yenyewe kila mtu hapa anajua ilikuwa ya namna gani. Wapo ambao mpaka leo wanaishi katika nyumba za kampuni walizobaki nazo: parseli pana, mwembe uani, mfukoni hamna kitu. Mzee wa namna hiyo ukimwambia alipe kwa mita za mraba, unamtoza kodi ya mwembe. Nyumba yake haimwingizii hata franka. Depo la barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, linaingiza kila siku, na malori yake ndiyo yanayochimba mashimo tunayoyarukia na pikipiki. Hapo hoja ya kuwaelemea wafanyabiashara ina nguvu, nami naikubali zaidi ya nusu.

Mfanyabiashara naye ana la kusema. Tayari analipa TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, kodi ya faida ya asilimia 30 kama ni kampuni, na mdogo ana patanti (kodi ya leseni) yake, kabla hujahesabu makaratasi ya kila wiki ambayo hayaishi. Ukimwongezea ya jengo, hataitoa mfukoni mwake. Ataipandisha kwenye mfuko wa unga, na mzee yule yule wa mwembe ataila pamoja na bukari (ugali).

Marekani, katika jimbo la Massachusetts, miji inaruhusiwa kutoza biashara kiwango cha juu kuliko makazi, na kila mwaka viongozi wa mji hupiga kura juu ya mgawo huo baada ya kuwasikiliza wakaaji. Jumla ya kodi haibadiliki kwa kura hiyo: kila dola inayoondolewa kwa nyumba inahamia kwa duka. Boston iliegemea maofisi miaka mingi. Baada ya korona maofisi mengi yakabaki matupu, thamani yake ikashuka, mzigo ukaanza kurudi kwa wenye nyumba. Mwaka 2024 meya Michelle Wu akaomba ruhusa ya kuzielemea biashara zaidi kwa muda. Seneti ya jimbo ikamkatalia. Sisi tunaokula kwa shaba tunaielewa hadithi hiyo bila kufundishwa. Bei ya shaba ilipoanguka mwaka 2008, mji mzima ulisikia.

Ila wao wana chungu kimoja kinachojulikana ujazo wake, ndipo wanabishana juu ya vijiko. Hapa analipa yule aliyefikiwa na wakala wa kodi. Kabla ya kuhamisha mzigo kwa yeyote, jimbo lingehesabu kwanza parseli zilizopo na kuzibandika namba.

Na kuna mpangaji, ambaye wote wawili wanamsahau. Sheria nyingine ya Februari 1969 iliweka kodi juu ya pesa za kupangisha, na mwenye nyumba ndiye anayedaiwa. Katika mazungumzo ya uani, pesa hiyo inageuka nyongeza ya mwezi ujao. Kwa hiyo "kumpunguzia mwenye nyumba" kunaweza kumfaidi bwana wa Golf, mtaa wa matajiri, mwenye nyumba sita za kupangisha, na asiyekuwa na hata moja asipate chochote.

Mimi ningeacha maneno "nyumba" na "biashara" kando, nikatazama mlango. Butiki ya Katuba yenye dirisha moja, mama akiuza huku mtoto anafanya kazi ya shule pembeni, ihesabiwe nyumba. Geti linalopitisha lori lihesabiwe biashara, hata kama tajiri mwenyewe analala ghorofani. Na nyumba ya pili ya kupangisha isihesabiwe tena makazi ya mtu.