Mchezo uishe kabla chai haijapoa

Shule zikifungwa Desemba, nyumba ya mamangu Kibokoni, Mombasa, hujaa mpaka viatu vinamwagika nje ya kizingiti. Ndugu wa Nairobi wanashuka na treni, wa Malindi wanakuja na matatu, na watoto ambao hawajaonana tangu Idi wanatazamana kidogo, kisha kila mmoja anatoa simu. Kwa mwaka wa nne sasa zawadi ya nyumba ile naleta mimi, na kila mwaka naleta mchezo. Nguo siwezi, saizi za watoto zinabadilika kila mwezi. Halua niliwahi kuleta, ikaisha kabla ya Isha.

Mwaka wa kwanza nilikosea vibaya. Nilinunua ule mchezo wa kununua viwanja na kulipana kodi: boksi kubwa, noti za karatasi za kila rangi. Tulianza baada ya chakula cha usiku. Saa tano ilipofika, mpwa wangu wa kike alikuwa ameshika karibu nusu ya mji. Kakake alifilisika zamani, yuko ukingoni mwa mkeka amelala kifudifudi, akiuliza "Bado?" kila baada ya dakika mbili. Shemeji yangu naye alikuwa anadai kodi kwa sauti ya mwenye nyumba wa kweli, na mkewe hakuipenda sauti ile. Mama akazima taa. Boksi bado liko juu ya kabati, na noti mbili tatu zake huwa naziona kwenye duka la watoto la kuchezea, zikinunua mchanga.

Tangu hapo kipimo changu ni kimoja: mchezo uishe kabla chai ya mtu haijapoa. Nyumba ya likizo haina masaa mawili ya mfululizo. Mlango unabishwa, mtu anatumwa nazi, adhana inalia, jirani anapita "kusalimu tu" na anakaa mpaka mahamri yanakwisha. Mchezo wa dakika kumi unavumilia yote hayo. Tena aliyeshindwa anapata nafasi ya kulipiza kabla hajanuna, na kwa mtoto wa miaka saba hilo ndilo linaloamua kama atacheza tena au atarudi kwenye simu.

Najua nitaulizwa bao. Mimi ni mtu wa Mji wa Kale, bao nimelitazama tangu sijaanza madrasa, na sitaki kusikia kwamba kuna mchezo uliolizidi akili. Lakini hebu mfundishe bao mtoto wa Nairobi aliyekuja kwa siku tisa. Mashimo thelathini na mbili, kete sitini na nne, nyingine ubaoni na nyingine mkononi; kwanza mnanamua, kete za mkononi zikiisha ndipo mnaingia mtaji, na katikati ya hayo umweleze nyumba ni nini na kwa nini ina masharti yake. Atakuwa ameshapanda treni kurudi kabla hajajua kutakata. Zaidi ya hayo, bao ni la wawili. Wengine wote ni wapiga kelele, na wapiga kelele wa bao mnawajua. Mtu akitaka kumpa mtoto mmoja bao, akakaa naye mwaka mzima barazani, huyo namvulia kofia. Kwa nyumba ya watu kumi na nne haifai.

Ludo basi? Ludo ina raha, na ukitaka iende mbio mpe kila mchezaji kete mbili badala ya nne. Hapo inakwisha upesi hata kama mtu amekaa robo saa akisubiri sita. Tatizo letu ni dadu. Ami yangu mkubwa hakai penye dadu, kwa sababu ya dini, na wazee kama yeye wako wengi mjini hapa. Naweza kubishana naye nikitaka, lakini zawadi ya familia inayomwondoa Ami sebuleni ni zawadi ya nusu familia.

Karata za kuchezea haraka nazo nimejaribu, zile za rangi na namba, na zile za duara zenye picha nane nane, ambapo kadi mbili zozote ukizichukua zina picha moja tu inayofanana na wa kwanza kuitaja ndiye mshindi. Hizi za duara nazipenda sana, mzunguko mmoja hata maji ya chai hayajachemka. Ila aliyezibuni hakuwahi kukaa Mombasa mwezi wa Desemba chini ya feni ya darini. Ukiwasha feni, kadi zinaruka mpaka uani. Ukizima, watu wanaruka wenyewe. Tulizibana kwa vikombe, tukazibana kwa tasbihi ya mama, mwisho tukazirudisha kwenye mkebe wake.

Kwa hivyo mwaka jana nilinunua Jenga.

Ndiyo, ile ya vipande vya mbao. Nasikia wenzangu wanaiona ya kizungu kwa sababu iko kwenye maduka makubwa na muuzaji anaitamka kwa puani. Jina ni letu waziwazi, kitenzi cha kuamrisha kisichohitaji kamusi. Aliyeibuni, Leslie Scott, ni Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia huku Afrika, na Kiswahili alikijua tangu utotoni. Mchezo wenyewe ulianza kwao nyumbani kwa vipande vya mbao kutoka kiwanda cha kupasua magogo cha Takoradi, Ghana. Akaupeleka kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea London mwaka 1983 na jina lake hilo hilo. Nilipowasimulia watoto, yule wa miaka saba aliuliza mbona hakuuita Bomoa. Sikuwa na jibu.

Vipande ni 54, vitatu vitatu kwa ghorofa kumi na nane. Unachomoa kimoja chini kwa mkono mmoja, unakiweka juu, na anayeuangusha mnara ndiye aliyeshindwa. Nimemaliza kueleza. Hakuna kusoma, hakuna dadu, feni haiusumbui, na mtu akiingia mlangoni anakaa na kuchomoa chake bila kusubiri mwanzo mpya. Lakini kilichonishika hasa ni namna unavyoisha. Michezo mingi mshindi ni mmoja na waliobaki wote wamekula hasara. Huu umeugeuza: mmoja anaangusha, wengine wote wamepona, na hakuna aliyetolewa mapema akalale ukingoni mwa mkeka. Huyo aliyeangusha naye anacheka, maana ule mlio hakuna asiyeucheka.

Mkeka lakini haufai. Unabonyea, mnara unalewa kabla hamjaanza. Dawa yake ni sinia la biriani. Lifudikize katikati ya mkeka, mnara juu yake, na likipokea vipande vinavyoanguka hata jirani wa ghorofa ya chini anajua nani ameshindwa. Na watu wanawe mikono. Kipande kilichoshikwa na aliyetoka kula viazi vya karai kinateleza kama samaki, na mimi nimeangusha mnara kwa kosa la mafuta yasiyo yangu.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa la mwaka huu, nilipotaka kuwapa dada zangu wawili seti zao. Nikasema kwa nini ninunue, mbao tunazo na mafundi tunao. Nikampa kazi seremala mmoja, hodari kabisa, nikamsisitizia vipande vyote vilingane kama pacha. Akavikata vikalingana, akavipiga msasa, akavipaka vanishi vikang'aa. Havichezeki. Vikilingana hivyo kila kimoja kimebanwa sawa na mwenzake, na vanishi kwa unyevu wetu huu inanata. Kumbe vile vya dukani vinatofautiana kidogo kwa makusudi, ndiyo maana ukigusagusa unapata kilicholegea. Fundi alifanya nilichomwambia, kwa hiyo lawama ni yangu. Akaniambia atavikwangua na kuvipunguza baadhi, nami nikamwachia. Kimoja nilichojaribu kukwangua mwenyewe kilitosha kunionyesha kwa nini yeye ni fundi.

Mama mwaka jana alikataa kucheza siku mbili nzima. "Mikono yangu inatetemeka, mwanangu, nitawaharibia." Siku ya tatu alipita na sinia la mahamri, akasimama, akainama bila kuliweka chini, akachomoa kipande cha katikati cha ghorofa ya pili ambacho sote tulikuwa tumekiogopa. Akakiweka juu. Akaenda zake jikoni. Ami, aliyekuwa ndiye anayefuata, aliutazama mnara muda mrefu, kisha akasema amesikia adhana. Ilikuwa saa nne ya asubuhi.

Seti ile sasa ina vipande 53. Tulikitafuta cha hamsini na nne chini ya makochi na ndani ya viatu vya wageni. Mwezi wa tatu nilikiona: mama amekichomeka chini ya mguu wa meza ya jikoni, ile iliyokuwa ikiyumba tangu baba yuko hai. Nimekiacha hapo hapo.