Imeji ya Kompyuta Baada ya Kupiga Windows Mpya: Irudishwe Nzima au Ifunguliwe?

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kazi inayorudi kila mara kwenye meza za mafundi kompyuta hapa Tabora, kuanzia Kanyenye hadi Isevya, ni kupiga Windows 11, yaani kuiweka kwenye mashine. Na ubishi unaorudi ni mmoja pia. Mteja analeta mashine, fundi anachukua bakapu, yaani nakala ya akiba, anaweka mfumo mpya, halafu inapofika zamu ya kurudisha, tunagawanyika. Wapo wanaosema rudisha imeji nzima, yaani nakala ya diski yote kama ilivyokuwa, maana ukiacha kitu umemdhulumu mwenye mali. Wengine wanasema rudisha mafaili tu na programu zote zipigwe upya, kwa kuwa umeshausugua mtungi, huna sababu ya kuurudishia maji ya jana.

Nianze na wale wa imeji, kwa sababu wanadharauliwa kuliko wanavyostahili.

Karani wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa tumbaku aliniletea kompyuta ambayo ilikuwa imeshapita kwa fundi mwingine. Fundi yule alikuwa amefanya kile ambacho wengi wetu hufanya: alikopi Desktop, Documents na picha kwenye diski ya nje, akafomati C, yaani akafuta sehemu ya diski yenye Windows, akapiga Windows 11, akarudisha alichokopi. Kila faili la Word lilikuwepo. Barua za chama zilikuwepo. Programu ya mahesabu nayo ilikuwa imewekwa upya kutoka kwenye flashi ya karani, na ilifunguka vizuri kabisa. Ila kwenye orodha ya wakulima hapakuwa na jina hata moja. Madeni ya pembejeo, nani alichukua mifuko mingapi ya mbolea, nani kashalipa nusu, vyote sifuri, na masoko yanafunguliwa wiki inayofuata.

Nilipoitafuta ile data nikajua mara moja ilikokuwa imekaa. Programu nyingi za namna hii hazihifadhi kitu kwenye Documents. Zinaweka data yake kwenye folda ya ProgramData, ambayo Windows huificha, au kwenye AppData ya mtumiaji, nayo imefichwa. Ukifungua C kwa kawaida huzioni. Fundi hakuiba wala hakuzembea. Alikopi kila alichokiona. Siku nne mimi na karani tulirudisha madeni kwa mkono kutoka kwenye kaunta buku na stakabadhi, ukurasa kwa ukurasa, na yapo majina ambayo stakabadhi zake hazikupatikana. Nikiwaza mkulima aliyekwishalipa halafu anaambiwa bado anadaiwa, sioni kama hili ni jambo la kompyuta tu.

Imeji ingeokoa yote hayo. Faida yake kubwa ni kwamba haimwamini fundi wala mteja kukumbuka vitu vilipo. Inabeba diski kama ilivyo, pamoja na yale yaliyofichwa na yale ambayo hakuna aliyejua kuwa yapo. Ndiyo maana simwelewi fundi anayefomati C bila imeji, hata kama mteja ameapa kwamba hana kitu humo.

Sasa upande wa pili. Watu wengi hawajapata kuambiwa wazi kwamba imeji inabeba na mfumo endeshi wenyewe. Ukiirudisha nzima juu ya diski, hujaongeza mafaili kwenye Windows 11. Umeifuta Windows 11 na kuirejesha Windows 10, pamoja na matundu yake ya usalama, na kama ilikuwa na kirusi, kirusi nacho kimerudi. Ila kibaya zaidi ni kile kilichoandikwa baada ya imeji kuchukuliwa. Mwalimu mmoja alikaa na Windows mpya wiki tatu, akiingiza alama za mitihani kila jioni, kisha akamwomba kijana amrudishie programu moja ya zamani. Kijana akairudisha imeji. Programu ilirudi, na alama za wiki tatu zikafutika. Chombo chenyewe cha kurudishia huonya kwenye skrini kwamba diski itaandikwa upya, lakini onyo hilo tumeshalizoea, tunalibofya kama tunavyobofya mengine.

Tena mara nyingi imeji haikubali hata kurudi. Kompyuta nyingi tunazouziwa hapa zimetumika kwanza Ulaya, na Windows 10 yake ilipigwa kwa mtindo wa zamani wa kuwasha kompyuta, BIOS. Windows 11 inadai UEFI, ambao ni mtindo mpya wa kuwasha, TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, RAM ya GB 4 na diski isiyopungua GB 64. Fundi akibadilisha mpangilio wa diski ili mfumo mpya ukubali, amebadilisha pia mlango ambao imeji ya zamani ilikuwa ikiingilia. Chombo cha bakapu cha Windows hukataa kurudisha imeji iliyochukuliwa kwenye BIOS kwenda kwenye mashine iliyowekwa UEFI. Na chombo hicho hicho Microsoft ilishatangaza mwaka 2017 kwamba haitakiendeleza, ikashauri watu watumie programu za kampuni nyingine. Bado kimo ndani ya Windows 11, kikiwa na jina la Windows 7 ubavuni. Kukitegemea peke yake mwaka huu siyo busara.

Kuna njia ya tatu inayopendwa mitaani, nayo ni mbaya kuliko zote mbili: kuchanganya. Mtu anapiga Windows mpya, halafu anachukua folda ya Program Files ya zamani na kuimwaga juu ya mpya, akitumaini programu zitaamka. Haziamki, au zinaamka nusu, kwa sababu kila programu ina maandishi yake kwenye rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio ya mfumo, na rejista hiyo haikuja. Watu wa Ubuntu, mfumo endeshi mwingine wa familia ya Linux, wasidhani wamepona. Folda ya home, yenye mafaili ya mtumiaji, unaweza kuirudisha bila shida kubwa, ila ukirudisha /etc, folda ya mipangilio ya mfumo, yote ya toleo la zamani juu ya jipya, faili la fstab, linaloorodhesha diski za kufunguliwa, litakuja na namba za diski za zamani, na kama diski ilifomatiwa kompyuta itakwama kwenye kuwaka.

Kwenye hifadhidata ndipo nawaomba mafundi wenzangu tutulie zaidi. Ubuntu 22.04 inakuja na programu ya hifadhidata ya PostgreSQL 14 na 24.04 inakuja na 16. Folda ya data ya 14 ukiiweka mbele ya 16, injini inagoma kuwaka, na haki yake kugoma. Inatakiwa data itolewe kwa chombo cha kutolea, yaani pg_dump, kisha iingizwe upya. Chombo nacho kina toleo lake, na likibaki nyuma ya hifadhidata kinafeli. GitLab, kampuni kubwa inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, iliumbuka tarehe 31 Januari 2017 pale mhandisi wake alipofuta folda ya hifadhidata kwenye seva ambayo siyo aliyoikusudia. Walipokimbilia bakapu, kumbe pg_dump iliyokuwa ikiendeshwa kila siku ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati hifadhidata ni 9.6. Ilikuwa inafeli kila siku, na barua pepe za kutangaza kufeli hazikuwa zikifika. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa kazi nyingine. Data ya saa hizo sita haikurudi. Hawa walikuwa na wataalamu na fedha. Toleo lilipanda upande mmoja, chombo cha bakapu kikabaki nyuma, na hakuna aliyekuwa na jukumu la kujaribu kurudisha mara kwa mara.

Kwa hiyo nikiulizwa niko upande gani, jibu langu ni kwamba ubishi wetu umeunganisha maamuzi mawili. Kuchukua bakapu ni uamuzi mmoja, kurudisha ni mwingine. Unapochukua, chukua kila kitu, wale wa imeji wana haki. Unaporudisha, rudisha kidogo na kwa jina, wale wa mafaili wana haki. Na mbili hizi zinakutana bila taabu: imeji ya Windows ni faili la VHDX, na ukilibofya mara mbili linafunguka kama diski nyingine pembeni. Unaingia ndani, unaonyesha folda zilizofichwa, unatoa ProgramData ya programu unayoitaka, na mfumo mpya unabaki ulivyo. Programu yenyewe unaipiga upya, ikiwezekana toleo lile lile lililoandika ile data, kisha ndiyo unaipandisha.

Naijua hoja ya kunipinga, na ina uzito. Kuna programu ambazo kisakinishi chake, yaani faili la kuziweka, kimepotea na leseni yake haijulikani ilipo. Aliyeiuza alishahama, namba yake haipatikani. Kwa hiyo imeji nzima ndiyo njia pekee ya kuiona ikifanya kazi tena. Nakubali. Ila irudishwe kwenye diski nyingine au kompyuta nyingine ya zamani, isiyounganishwa na intaneti, itolewe ripoti na orodha zinazohitajika. Isirudishwe juu ya mashine ambayo watu wanaifanyia kazi leo. Nakubali pia kwamba mfumo mpya ukikataa printa au mizani katikati ya msimu, kurudi nyuma ni haki ya mteja. Kama Windows 11 iliwekwa juu ya 10 bila kufomati, kwa siku 10 za mwanzo Settings yenyewe ina njia ya kurudi. Ikipita hapo, au kama C ilifomatiwa, imeji ndiyo kimbilio. Hata hivyo kopi kwanza kilichoandikwa tangu siku ya kubadilisha. Yule mwalimu angekuwa na alama zake.

Mengine ni ya mazingira yetu. Kurudisha imeji kubwa huweza kuchukua muda mrefu, na wakati wa masika, radi zikianza, umeme haukupi taarifa. Kazi hii naifanya kwenye laptopu yenye betri nzima au kwa UPS, sivyo naiahirisha. Bakapu ya mtandaoni ni nzuri kwa nyaraka, lakini kuvuta diski nzima kwa bando ni kumfilisi mtu. Na kama diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kuficha data ya diski, ule ufunguo wa tarakimu 48 uandikwe kwenye karatasi kabla hujagusa chochote.

Msimu huu chama kingine kimeniletea mashine yao. Nilichukua imeji kwenye diski ya nje, na kabla sijafomati nikaifungua kwenye kompyuta yangu, nikapiga programu yao, nikaipa data iliyotoka kwenye imeji. Kisha nikamwita mzee ambaye ni karani wao, nikamsogezea kibao akae.

“Mzee, nitajie mkulima mmoja unayemkumbuka vizuri.”

Alifungua kaunta buku, akapitisha kidole, akataja jina na kijiji, mitumba ya tumbaku aliyouza msimu uliopita na deni la mbolea lililobaki. Nikaandika jina. Skrini ikaleta mitumba ile ile na deni lile lile. Akataja wa pili, akataja wa tatu. Kwa wa nne nilimwomba achague wa siku ya mwisho kabisa ya masoko, na huyo hakuwepo. Siku hiyo ya mwisho ilikuwa imeingizwa kwenye laptopu ya mwenyekiti, ambayo hakuna aliyekuwa ameitaja. Tukaifuata laptopu Ng'ambo jioni ile ile, na C ya karani ikabaki bila kuguswa mpaka tuliporudi nayo.